Mistari Minne Kati ya Mwanzo na Kutoka

Saadya bin Azarya hakuwa mtu mbaya, na ni afadhali niseme hilo mapema kabla hamjaanza kumchukia. Alikuwa mwandishi wa Taurati katika mtaa wa Wayahudi wa mji wa Sanaa, mtoto wa mwandishi na mjukuu wa mwandishi. Mkono wake ulikuwa safi, wa kuaminika, mzito kidogo. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo lilikula naye chakula kila Sabato: mdogo wake, Awadh.

Awadh aliitwa hivyo, yaani fidia, kwa sababu alizaliwa baada ya mama yao kuzika watoto wawili. Mama alimlea kama yai. Saadya alikuwa na miaka kumi na mmoja wakati huo, na kazi yake ikawa kuteka maji, kusaga wino, na kutoambiwa asante. Baba alipofariki, Saadya ndiye aliyemfundisha Awadh kushika kalamu ya tete. Siku moja, Awadh akiwa na miaka kumi na minne, Saadya alimwona akiandika herufi moja tu kwenye ngozi, na akajua kwamba yeye mwenyewe amekwisha. Herufi ilikaa pale kana kwamba mnyama alizaliwa nayo.

Tangu siku hiyo mtaa mzima ulijua mkono wa Awadh, kuanzia wauza mirungi mpaka mafundi wa fedha. Walisema ukisoma maandishi yake unasahau njaa. Ya Saadya walisema hayana kosa. Kusifiwa kwamba huna kosa ni sawa na bibi arusi kusifiwa kwamba ana meno yote. Saadya aliitikia sifa hiyo kwa tabasamu, akaenda nayo nyumbani, ikamkaa kooni.

Kisha gombo la sinagogi yao likazeeka. Wino ulipasuka na kudondoka, ikawa kila wakilifungua, herufi mbili tatu zinabaki mezani kama vumbi. Mori Pinhas, mwalimu na hakimu wa mtaa, alimpa Saadya kazi ya kuandika gombo jipya. Siku hiyo Saadya alijifungia chooni akalia, asionekane na mkewe. Angeandika Taurati yote, kuanzia neno la kwanza la Mwanzo mpaka la mwisho la Kumbukumbu la Torati, kwa mkono mmoja, na watu watakaozaliwa miaka mia baadaye wangeitwa mbele kulisoma na kuambiwa kwamba hili ni gombo la Saadya. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani.

Lakini aliandika polepole, na polepole yake aliionea fahari. Kila alipofika kwenye Jina la Mungu alisimamisha kalamu na kutamka kwa mdomo kwamba analiandika kwa ajili ya utakatifu wa Jina. Sheria ndiyo hiyo. Jina lililoandikwa bila tamko hilo ni wino tu, na gombo lenye Jina moja la namna hiyo halifai kusomwa, ingawa hakuna jicho litakaloona tofauti. Anayejua ni mwandishi peke yake.

Miezi minane ilipita, Saadya bado yuko kwa Yusufu na kaka zake. Watu wakaanza kunung'unika, na baada ya Pasaka Mori Pinhas akapanda ngazi za nyumba yake, akakaa, akanywa kikombe kizima cha kahawa ya maganda kabla ya kusema alichojia.

"Malizia Mwanzo, mwanangu. Kuanzia Kutoka ataendelea Awadh."

Saadya aliuliza kama inafaa gombo moja kuwa na mikono miwili. Mori akasema si vizuri sana, lakini kukaa bila gombo ni vibaya zaidi. Saadya akainamisha kichwa akasema sawa. Mkewe, Ghazala, aliyekuwa nyuma ya pazia akipiga uwatu wa chakula cha mchana, alisubiri mgeni ateremke.

"Baba Rumiya," alimwambia mumewe, "bora ungekataa kuliko kukubali kwa sura hiyo."

Sasa mjue jambo moja la kazi hii. Kati ya kitabu na kitabu, mwandishi huacha mistari minne mitupu, kisha kitabu kinachofuata huanza palepale chini yake, kwenye safu ileile. Maana yake mkono wa Saadya na mkono wa Awadh ungekaa safu moja, huu juu, ule chini, na kila atakayeitwa kusoma angeilinganisha bila hata kutaka. Ila ulikuwapo upenyo mmoja. Kitabu kikiishia chini kabisa ya safu, kingine huanzia juu ya safu inayofuata. Saadya akaapa kwamba Mwanzo utaishia chini kabisa.

Akaanza kuvuta herufi. Nafasi kati ya maneno akazipanua, mistari akaianza mbali kidogo. Safu ina mistari hamsini na mmoja, naye alihesabu kutwa nzima. Aliandika kifo cha Yakobo huku akihesabu, akaandika jinsi Yusufu alivyowasamehe kaka zake huku akihesabu. Kadiri mwisho ulivyokaribia ndivyo alivyoona kwamba hesabu haitoshi, ngozi imebaki nyingi na maneno ni machache. Mpaka mwisho hakuacha kuhesabu.

Mwanzo ukaishia katikati ya safu. Yusufu akawekwa katika jeneza kule Misri, na chini yake zikabaki nafasi tele, kweupe kama uwanja wa soko siku ya Sabato. Zile herufi alizozivuta zikawa zimeharibika bure. Wiki iliyofuata Awadh akaja na kalamu zake, akambusu kaka yake mkono, akapima mistari minne, akaanza kuandika majina ya wana wa Israeli walioingia Misri.

Watu walikuja kutazama. Fundi mmoja wa fedha, mzee Sulaiman Bida, mwenye ulimi ambao ungepaswa kutozwa kodi, alisogeza pua yake karibu na ngozi, akatazama juu, akatazama chini, kisha akasema juu ameandika babu, chini ameandika bwana arusi. Wote walicheka na Saadya akacheka nao, tena kwa sauti kuliko wote.

Sabato ile, baada ya sala, walikaa nyumbani kwa Mori wakitafuna mbegu na njugu kabla ya chakula. Mori akauliza kwa nini kitabu cha pili kinaanza kwa kuwataja tena ndugu kumi na wawili, wakati wote walishatajwa, na kitabu kikianza tu wote wameshakufa. Awadh alijibu kwamba Mwanzo unaisha na jeneza ambalo halijazikwa. Wale ndugu waliapa kuipeleka mifupa ya Yusufu nyumbani, kwa hiyo Kutoka inaanza kwa kuwaita kwa majina wale walioapa, mpaka Musa atakapokuja kuichukua ile mifupa. Alisema vitabu hivyo viwili ni nyumba mbili zenye ua mmoja.

"Mwanzo umetimia wenyewe," Saadya akadakia. "Dunia imeumbwa, Yakobo kafa, Yusufu kafa, basi. Hauhitaji mtu aje kuumalizia. Ile mistari minne ni ukuta."

Watu wakaacha kutafuna, maana sauti ilikuwa kali kuliko mada. Mori Pinhas alimenya mbegu moja taratibu.

"Mimi naona hivi," akasema. "Kitabu cha kwanza chote ni ndugu wasioweza kutazamana usoni. Kaini na Habili. Esau na Yakobo. Yusufu na wale kumi. Halafu kinakuja cha pili, na ndani yake mkubwa anatoka kwenda jangwani kumlaki mdogo wake aliyepewa cheo, na imeandikwa kwamba akimwona atafurahi moyoni. Ni Haruni huyo. Kabla yake nionyesheni mwingine. Ilibidi kitabu kizima kiishe kwanza."

Kisha akatazama dari. Wengine wote walimtazama Saadya.

Saadya alirudi nyumbani akiwaka. Haruni alipewa ukuhani, alijiambia, mavazi na taji na watoto wake kurithi, nani asingefurahi moyoni? Mimi nimepewa nini? Kwa hasira hiyo akaanza kuupitia mwisho wa Mwanzo kichwani, neno kwa neno, atafute hoja ya kumjibu Mori. Akafika mahali Yusufu anapowaambia kaka zake: mimi nakufa, lakini Mungu hakika atawajia. Hapo akasimama katikati ya uchochoro. Alikumbuka mdomo wake ulikuwa ukisema nini alipoliandika lile Jina. Ulikuwa ukisema, imebaki ishirini na tano. Mdomo mmoja hausemi mawili kwa wakati mmoja.

Jambo la kwanza alilolisikia moyoni ni furaha. Sitamfichia. Jina halifutwi, likiandikwa vibaya kipande chote cha ngozi huondolewa na kuzikwa, na kwenye kipande kile ndimo ilimokuwa safu ya Awadh, ile ya bwana arusi. Furaha ilikaa muda wa hatua mbili tatu. Halafu ikaja aibu, na nyuma ya aibu likaja jambo baya zaidi, nalo ni kwamba hakujiamini tena. Je, alikumbuka, au alitamani tu? Akisema, watu watasema ni kijicho, na pengine watakuwa wamesema kweli. Asiposema, mtaa mzima utakuwa ukisoma baraka juu ya gombo lisilofaa, wao na wajukuu zao, na litaitwa lake.

Alinyamaza miezi saba. Nguo zilimpwaya, chakula cha Ghazala kikawa kinarudi jikoni nusu. Alijiambia atasema baada ya sikukuu ya Majuma, kisha baada ya ile ya Vibanda. Wakati huo Awadh aliandika Kutoka, akaandika Mambo ya Walawi na Hesabu, Kumbukumbu la Torati akalimaliza mvua zikiwa hazijaanza, na kila kipande kilichokauka kilikuwa kizuri kuliko kilichotangulia. Saadya alivikagua vyote, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi aliyobakishiwa. Alitafuta kosa kwa macho na kwa kidole. Hakupata hata moja, na hilo nalo lilimtesa.

Siku ya kuunganisha vipande ikafika. Awadh alikaa darini asubuhi, jua likiwa zuri, akishona ngozi kwa nyuzi za kano. Alivuta kile kipande chenye vitabu viwili akakiweka magotini.

"Usishone hicho," Saadya akasema.

"Kina nini, kaka?"

Saadya akamwambia. Alisema haraka, akitazama paa la jirani: lile Jina la mwisho mwisho, kwenye maneno ya Yusufu, hakulitamkia. Awadh akauliza kama ana hakika. Akasema anayo, mdomo wake ulikuwa ukihesabu. Awadh akauliza ulikuwa ukihesabu nini, na Saadya akasema mistari, mambo ya kazi tu. Awadh akapitisha kidole juu ya safu yake mwenyewe bila kuigusa.

"Niachie mimi," akasema.

Alhamisi asubuhi, baada ya sala, kabla watu hawajakunja shali zao, Awadh alisimama mbele ya Mori. Alisema kwamba katika kile kipande cha kwanza cha Kutoka, pale penye habari za wakunga waliomwogopa Mungu, yeye Awadh aliandika Jina bila kulitamkia. Akaomba kipande kizikwe, na yeye asamehewe. Aliyasema yote hayo bila kumtazama kaka yake.

Mori Pinhas alinyanyuka akambusu kichwani. Mmoja akasema ni waandishi wangapi wangenyamaza. Mwingine akasema, mkono ule, na moyo huu tena. Mzee Sulaiman Bida, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitoa chozi bila kulipwa, alipangusa jicho kwa ncha ya shali.

Saadya alikaa mahali pake akashika kingo za mkeka. Alielewa vizuri ndugu yake amefanya nini, na kwa ajili ya nani. Mwenye moyo wa kawaida angeshukuru. Yeye kilichompanda kilikuwa kilekile cha siku zote, ila safari hii kilikuwa kikubwa mpaka kikamziba masikio. Miezi saba dhambi ile ilimla peke yake, ikamkondesha, ikamnyima raha ya mkate. Huyu ameichukua asubuhi moja, na mikononi mwake imegeuka jambo la kubusiwa kichwani. Hata kosa, akiliandika Awadh, linakuwa zuri.

Akasimama.

"Anadanganya," akasema. "Kosa ni langu."

Mzee Sulaiman akasema wenzao hugombea nyumba, hawa wanagombea dhambi, na watu wakacheka. Mori hakucheka. Alimwuliza Saadya ni Jina lipi, naye akalitaja. Akamwuliza anajuaje kwamba hakulitamkia.

"Mdomo wangu ulikuwa unahesabu."

"Unahesabu nini?"

Hapo angeweza kusema tena mambo ya kazi. Alimtazama Awadh, na Awadh akatikisa kichwa kidogo sana, kumwomba asiseme. Huruma ile ndiyo iliyomtoa maneno.

"Nilikuwa nahesabu mistari iliyobaki," Saadya akasema. "Nilitaka kitabu kiishie chini kabisa. Sikutaka mwandiko wa ndugu yangu ukae safu moja na wangu, watu wakalinganisha. Nimekuwa najua tangu Sabato ile ya Haruni. Na nilipokumbuka nilifurahi, Mori, kwa sababu safu yake nayo itazikwa. Na sasa hivi nimesimama kwa sababu mmembusu yeye."

Hakuna aliyecheka. Nje fundi mmoja alikuwa ameshaanza kugonga fedha, ikasikika nyundo yake mpaka ndani. Mori Pinhas alikaa akifikiri, mkono kwenye ndevu, mpaka wenye haraka ya kwenda kazini wakasahau kwamba wana haraka.

Hukumu yake ilikuwa fupi. Kipande kizikwe leo. Kila mmoja aandike upya sehemu yake, palepale, safu moja, mistari minne katikati. Na kwa kuwa mdomo wa Saadya umejishtaki wenyewe, Awadh atakaa kando yake na kusikia kila Jina likitamkiwa. Akamgeukia Awadh.

"Na wewe usimwibie tena ndugu yako kilicho chake."

Walikwenda makaburini wote wawili na mtungi wa udongo wa kuzikia ngozi. Kabla ya kukiviringa kile kipande, Awadh alikifungua akaitazama safu yake kwa mara ya mwisho, na midomo ikamcheza. Saadya hakuwahi kufikiri kwamba Awadh naye huyapenda maandishi yake. Siku zote aliona kama yanamdondoka tu, bila gharama. Walifukia, wakanawa mikono, wakarudi nyumbani.

Jumapili asubuhi walitoka kuoga, wakakaa juu ya mkeka, ngozi mpya kati yao. Saadya alianza mbali kidogo, kwa Yakobo akiwabariki wanawe, kwa sababu kipande kile kilianzia hapo. Kila Jina lilipofika alisimamisha kalamu na kulitamkia kwa sauti, na Awadh akasema, "Nimesikia." Mwanzoni neno hilo lilimchoma kama sindano. Alijiambia atazoea. Hakuzoea, ila aliendelea. Herufi hakuzivuta, zilikaa kwa upana wake, nzito kidogo.

Siku ya tatu akafika kwa Yusufu anayekufa. Alidhani kwamba akilitamkia sawasawa Jina lile, lililomtesa miezi yote ile, wivu utamtoka. Alilitamkia. Awadh akasema amesikia. Wivu ulikuwa palepale, umekaa karibu naye mkekani, na vidole vyembamba vya Awadh vimepumzika juu ya magoti. Saadya akaandika kiapo cha wale ndugu, akaandika kwamba Yusufu alikufa, wakampaka dawa, akawekwa katika jeneza kule Misri. Akainua kalamu.

Kitabu kilikuwa kimekwisha, na mtu bado amelala jenezani juu ya ardhi, hajapelekwa popote. Hakuna mahali pengine ambapo angeweza kukiacha. Lazima aje mtu mwingine amnyanyue, na huyo hayumo ndani ya Mwanzo. Saadya aliitazama ile ngozi iliyobaki, akapima mistari minne mwenyewe.

"Awadh."

"Naam, kaka."

"Nakuonea wivu. Tangu ulipokuwa na miaka kumi na minne. Mpaka hivi ninavyokaa hapa."

Awadh alikuwa akichovya kalamu yake. Hakushtuka.

"Najua," akasema. "Sogea kidogo niandike."

Saadya akasogea. Alikuwa na sababu kumi za kuteremka ngazi, na Ghazala alikuwa akimwita chini aje ale. Alibaki mkekani, akatazama mkono wa mdogo wake ukiwaandika wale ndugu, Reubeni, Simeoni, Lawi, Yuda, herufi kwa herufi. Zilikuwa nzuri mno. Zilimuuma kama siku zote, naye hakuinuka mpaka jina la mwisho.